Mwezi Nao Uko Umbali Huo Huo

Kila inapogunduliwa sayari mpya inayozunguka nyota yake kwa umbali "unaofaa", magazeti huandika kwamba imepatikana Dunia ya pili. Ukikutana na kichwa cha habari cha namna hiyo, ukumbuke Mwezi. Mwezi na Dunia viko umbali mmoja kutoka kwenye Jua, wastani wa kilomita milioni 150, na kila mita ya mraba ya Mwezi iliyotazamana na Jua hupata nishati ile ile inayofika juu ya anga letu. Pamoja na hayo, kwenye ikweta ya Mwezi udongo hufika nyuzi joto 120 mchana na kushuka hadi 130 chini ya sifuri usiku, na hakuna tone la maji linalotiririka. Kama umbali peke yake ungetosha, tungekuwa na majirani huko.

Basi tuanze hesabu tangu chini. Jua hutoa nishati pande zote, na kadiri inavyosafiri ndivyo inavyotawanyika. Ukiwa mbali mara mbili unapata robo. Ukiwa mbali mara tatu unapata sehemu moja ya tisa. Juu ya anga la Dunia hufika wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Zuhura, iliyo karibu zaidi na Jua, hupata mara 1.9 ya kiasi hicho. Mirihi, iliyo mbali zaidi, hupata asilimia 43.

Lakini hizo wati 1,361 ni za uso uliotazamana na Jua moja kwa moja. Dunia ni tufe. Nusu yake iko gizani, na pembeni miale hufika ikiwa imelala. Njia nyepesi ya kupata wastani ni kufikiria kivuli. Kivuli cha tufe ni duara, na eneo la uso wa tufe ni mara nne ya eneo la duara hilo. Gawa kwa nne, unapata wati 340. Kati ya hizo, mawingu, barafu na mchanga wa majangwa hurudisha angani kama asilimia 30 bila kuzitumia. Zinabaki wati 238 hivi zinazoingia kweli.

Zikiingia tu bila kutoka, tungeungua. Weka ndoo iliyotoboka chini ya bomba lililo wazi: maji yatapanda, na yanavyopanda ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu zaidi pale kwenye tundu, hadi yanayotoka yalingane na yanayoingia. Hapo kina hakipandi wala hakishuki. Joto la sayari ndicho kina cha ndoo hiyo. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, na mwaka 1879 Josef Stefan aligundua kwamba mionzi hiyo hukua kwa kipeo cha nne cha joto. Miaka mitano baadaye Ludwig Boltzmann, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliithibitisha kanuni hiyo kwa nadharia. Joto lenyewe huhesabiwa kuanzia sifuri halisi, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri yetu ya kawaida. Joto hilo likiongezeka mara mbili, mionzi inaongezeka mara 16. Ingiza wati 238 kwenye kanuni hiyo na jibu linatoka nyuzi 18 chini ya sifuri.

Hilo ndilo joto ambalo Dunia inastahili kwa umbali wake na weupe wake. Kwa joto hilo Bahari ya Hindi ingekuwa uwanja wa barafu kutoka Lamu hadi Mumbai. Wastani halisi ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri, na tofauti ya nyuzi 33 inaletwa na hewa. Mwanga wa Jua hupenya hewa bila shida kubwa. Ardhi iliyopata joto hurudisha nishati kwa mionzi ya aina nyingine, isiyoonekana kwa macho, na hiyo hudakwa na mvuke wa maji na hewa ya ukaa, kisha sehemu yake hurudishwa chini. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ni asilimia 99 ya hewa kavu, hazishiriki kabisa katika kazi hiyo. Hewa ya ukaa ni molekuli 420 na ushei tu katika kila molekuli milioni za hewa. Kazi kubwa namna hii inafanywa na wachache kiasi hicho, na ndiyo sababu ukigusa idadi yao kidogo joto linaitika.

Kwa nini tunang'ang'ania maji? Uhai unahitaji kimiminika ambamo kemikali zinaweza kuyeyuka, kukutana na kuachana. Maji huyeyusha vitu vingi, yanabaki kimiminika kwa nyuzi nyingi, na ni rahisi kupatikana: haidrojeni ndiyo elementi iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni, na oksijeni ni ya tatu. Barafu yake huelea, kwa hiyo ziwa hugandia juu na viumbe wakabaki salama chini. Huenda kuna uhai mahali fulani unaotumia kimiminika kingine, lakini mtafutaji mwenye busara huanza na kile anachokijua.

Joto linalofaa bado halitoshi kuyashika maji. Lazima hewa iyakandamize. Hili wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua kwa mikono yao. Kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, sufuria huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Maji yanatokota, mvuke unafuka, mfuniko unacheza, na maharage ndani yake bado ni kokoto. Mpishi mwenye akili hapandishi maharage makavu huko. Kileleni Uhuru, mita 5,895, hewa inakandamiza kwa nusu tu ya nguvu iliyopo Tanga au Mombasa, na maji huchemka yakiwa na nyuzi 80 hivi. Tuseme mlima ungeendelea kupanda. Kiwango cha kuchemka kingezidi kushuka, mpaka kikutane na kiwango cha kuganda. Mahali hapo kanieneo ya hewa, yaani mkandamizo wake, ni sehemu 6 za elfu za ile ya pwani. Chini ya hapo maji kama kimiminika hayapo: barafu ikipata joto inageuka mvuke moja kwa moja.

Kwenye Mirihi, wastani wa kanieneo ni hizo hizo sehemu 6 za elfu. Mchana wa kiangazi karibu na ikweta yake ardhi inaweza kufika nyuzi 20, joto la asubuhi ya Arusha, na bado kikombe cha maji ukikimwaga pale kitachemka na kuganda karibu kwa wakati mmoja.

Sasa tugeukie Zuhura, maana hesabu yake inashangaza. Ingawa inapata karibu mara mbili ya mwanga tunaoupata, mawingu yake meupe hurudisha robo tatu ya mwanga huo. Piga hesabu ile ile: kinachoingia ni wati 156 hivi kwa mita ya mraba, pungufu kabisa kuliko wati 238 za Dunia. Kwa kanuni ya Stefan, Zuhura ilipaswa kuwa na baridi kuliko sisi, nyuzi 40 na kitu chini ya sifuri. Joto la uso wake ni nyuzi 464. Risasi inayeyuka huko. Chombo cha Kisovieti cha Venera 13 kilitua Machi 1982 na kilifanya kazi kwa dakika 127, na wahandisi wake walifurahi, kwa sababu kiliundwa kidumu kama nusu saa. Picha zake zinaonyesha mabamba ya mwamba chini ya anga la rangi ya chungwa. Hewa ya pale inakandamiza kwa nguvu mara 90 ya hewa yetu, na zaidi ya asilimia 96 yake ni hewa ya ukaa.

Ilifikaje hapo? Tatizo la maji ni kwamba mvuke wake wenyewe hushika joto. Sayari ikipata joto, bahari hutoa mvuke zaidi. Mvuke huongeza joto. Joto huongeza mvuke. Kwa kawaida mchezo huu husimama, kwa kuwa kitu chenye joto zaidi hutoa mionzi zaidi. Ila hewa iliyojaa mvuke ina kikomo cha mionzi inayoweza kuitoa angani, na nyota ikileta zaidi ya kikomo hicho, tundu la ndoo halitoshi tena. Mvuke ukishapanda juu kabisa, mionzi ya urujuanimno huvunja molekuli za maji, haidrojeni iliyo nyepesi hutoroka, na maji hayo hayatarudi. Ushahidi ulipatikana mwaka 1978 kwa chombo cha Kimarekani cha Pioneer Venus: katika hewa ya Zuhura, haidrojeni nzito imezidi kwa zaidi ya mara 100 kiwango chake cha hapa Dunia. Nyepesi iliondoka, nzito ikachelewa. Wataalamu bado wanabishana kama maji hayo yaliwahi kukaa kama bahari au yalibaki mvuke tangu mwanzo. Kwamba yalikuwepo na yakapotea, hilo halina ubishi mkubwa.

Mwaka 1993 James Kasting na wenzake walitumia fizikia hii kuchora ukanda ambamo sayari inayozunguka Jua inaweza kuwa na maji usoni: kuanzia asilimia 95 ya umbali wetu hadi asilimia 137. Miaka 20 baadaye hesabu ilirudiwa kwa takwimu bora, ukingo wa ndani ukasogea hadi asilimia 99, na wa nje ukaenda karibu na 170. Yaani Dunia imekaa kizingitini kabisa upande wa joto. Na Mirihi, yenye asilimia 152, imo ndani ya ukanda. Picha za ukanda huo huchorwa kwa kijani kibichi, rangi ya shamba la mpunga, na mtu akiziona hudhani kila kilichomo kinachipua.

Mirihi iliponzwa na udogo. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya Dunia, na kitu kidogo hupoa haraka kuliko kikubwa, kwa sababu uso wake ni mwingi ukilinganisha na ujazo wake. Zamani maji yalitiririka pale: gari la Perseverance lilitua mwaka 2021 ndani ya kreta ya Jezero, mahali ambapo mto uliwahi kumwaga tope lake ziwani na kuacha delta inayoonekana hadi leo. Kisha joto la ndani likapungua, volkano zikafifia, kinga ya sumaku ikatoweka, na hewa ikaanza kuvuja. Chombo cha MAVEN, kilichoanza kuizunguka mwaka 2014, kiliweza kupima uvujaji huo ukiendelea. Watu wengi huhitimisha hapa kwamba sumaku ndiyo inayoshika hewa ya sayari. Mimi sishawishiki haraka hivyo. Zuhura haina sumaku yake ya maana, na hewa yake imeishinda yetu mara 90. Uzito wa sayari na volkano zinazoendelea kupumua vina neno kubwa zaidi.

Volkano hizo ndizo zinazonifanya niseme kwamba swali la "iko umbali gani?" limepewa heshima kupita kiasi. Swali zito zaidi ni kama sayari inaweza kujirekebisha joto lake yenyewe. Dunia inaweza, na vifaa vyake vimetapakaa mbele ya macho yetu.

Chukua kipande cha jiwe la matumbawe, kama yale yaliyojenga Ngome ya Yesu au nyumba za Mji Mkongwe. Kikwangue kidogo upate unga mweupe, kisha ukikamulie ndimu. Sogeza jicho karibu: utaona povu dogo, vitone vinavyopasuka kwa sauti hafifu. Povu hilo ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe kwa maelfu mengi ya miaka. Wachoma chokaa wa pwani waliifungua kwa moto: kila kilo 100 za jiwe safi zikiungua tanuuni, kilo 44 hupaa kama hewa ya ukaa na kilo 56 hubaki kama chokaa. Sasa fikiria mawe yote ya namna hiyo duniani, ya pwani, ya milimani na ya chini ya bahari. Ukaa uliomo humo unakaribiana na ule ulio katika hewa yote ya Zuhura. Sayari hizi mbili zina mali karibu sawa. Moja imeiweka ghalani, nyingine imeimwaga nje.

Jiwe hilo linapatikana hivi. Mvua hunyonya hewa ya ukaa na kuwa na uchachu kidogo. Ikinyesha juu ya miamba, huila polepole, na mito hubeba madini yaliyoyeyuka hadi baharini. Huko matumbawe, konokono na viumbe wadogo wasioonekana hujenga magamba yao kwa madini hayo pamoja na ukaa, wakifa hurundikana, na rundo linakuwa mwamba. Hewa ya ukaa imetolewa angani. Kama ingekuwa hivyo tu, tungeganda. Lakini sakafu ya bahari husogea, huzama chini ya mabara, huungua vilindini, na ukaa hurudi juu kwa njia ya volkano. Mwingine hutoka moja kwa moja katika miamba ya ndani kabisa ya Dunia. Wakazi wa Goma, chini ya Nyiragongo, wanaiona hewa hiyo kwa sura yake mbaya: mazuku, yaani mashimo na mabonde ambamo hewa ya ukaa inayovuja ardhini hutuama kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi akishuka humo asubuhi hatoki, na watoto hukatazwa kucheza huko.

Mzunguko huu una akili ya ajabu, ingawa hakuna anayeufikiria. Dunia ikipata joto, mvua huongezeka na miamba huliwa haraka, hewa ya ukaa hupungua, joto hushuka. Ikipata baridi, mvua hupungua na miamba haliwi, ilhali volkano haziangalii hali ya hewa: zinaendelea kutoa, hewa ya ukaa hujaa, joto hupanda. James Walker, Paul Hays na Kasting waliueleza utaratibu huu mwaka 1981, na ulitoa jibu la fumbo ambalo Carl Sagan na George Mullen walikuwa wameliweka mezani mwaka 1972. Jua lilipokuwa changa lilitoa kama asilimia 70 tu ya mwanga wa leo. Kwa hewa tuliyonayo sasa, bahari zingebaki barafu kwa zaidi ya nusu ya umri wa Dunia. Lakini chembe za madini ya zikoni kutoka vilima vya Jack Hills, Australia, zenye umri wa hadi miaka bilioni 4.4, zina alama za maji ya kimiminika. Jua lilikuwa hafifu, hewa ya ukaa ikawa nyingi zaidi, na kadiri Jua lilivyokolea ndivyo mawe yalivyoimeza.

Utaratibu huu ni mpole mno kwa pupa zetu. Unafanya kazi kwa muda wa miaka laki kadhaa, kwa hiyo anayetegemea kwamba miamba itameza moshi wa viwanda vya karne hii atangoja sana. Na uliwahi kuzidiwa: kati ya miaka milioni 720 na 635 iliyopita, barafu ilifika karibu na ikweta zaidi ya mara moja. Kilichotuokoa ni volkano kuendelea kupumua juu ya barafu hiyo kwa mamilioni ya miaka.

Nyota yenyewe nayo ina masharti. Nyota kubwa huangaza sana na hufa mapema. Yenye uzito mara 10 ya Jua humaliza kuni zake ndani ya miaka milioni 30 au chini yake, na kwa muda huo Dunia yetu ilikuwa bado inajikusanya. Upande wa pili wako vibete wekundu, nyota ndogo na hafifu ambazo ni kama robo tatu ya nyota zote, zinazoweza kuwaka kwa mamia ya mabilioni ya miaka na zaidi. Hizo ndizo zinazochunguzwa sana leo, kwa sababu sayari ikipita mbele ya nyota ndogo hufunika sehemu kubwa ya mwanga wake na ni rahisi kuonekana.

Ubaya wake ni kwamba ukanda wao uko karibu mno. Proxima b, iliyogunduliwa mwaka 2016 kwenye nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, humaliza mwaka wake kwa siku 11. Kwa ukaribu huo mvuto wa nyota hutarajiwa kuifunga sayari ielekeze upande mmoja daima, kama Mwezi unavyotuelekezea sisi. Upande mmoja ni adhuhuri isiyokwisha, wa pili ni usiku usiokucha. Hilo hewa nzito inaweza kulimudu kwa kusafirisha joto. Kinachonitia shaka zaidi ni ujana wa nyota hizi: huanza zikiwa kali kuliko zitakavyokuja kuwa, kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na hulipuka mara kwa mara. Sayari iliyoko leo mahali pazuri huenda ilichomwa kama Zuhura kabla ya mahali hapo kuwa pazuri.

Mtihani unafanyika sasa kwenye TRAPPIST-1, umbali wa miaka ya nuru 40. Timu ya Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, ilitangaza mwaka 2017 kwamba nyota hiyo ina sayari saba za ukubwa unaokaribia wa Dunia. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima joto la sayari ya ndani kabisa, ikapata kama nyuzi 230 upande wa mchana, joto la mwamba mtupu usio na hewa ya kulisambaza. Sayari ya pili nayo haikuonyesha hewa nzito ya ukaa. Inayosubiriwa ni ya nne, TRAPPIST-1e, inayopata kama theluthi mbili ya mwanga tunaoupata sisi na kupita mbele ya nyota yake kila baada ya siku 6. Kama ina hewa, mwanga wa nyota utakaopenya ukingo wake mwembamba utapungua katika rangi zile zinazodakwa na hewa ya ukaa au mvuke. Ugumu ni kwamba nyota hiyo ina madoa, na madoa hayo nayo huacha alama zinazofanana na hizo.

Ikionekana hewa ya ukaa pale, watafiti wataanza kutafuta dalili kwamba mawe na volkano vinafanya kazi pamoja. Ikionekana mwamba mtupu, shaka itaziangukia robo tatu ya nyota zote, na watafutaji watalazimika kugeukia nyota zinazofanana na Jua. Huko sayari kama yetu hupita mara moja kwa mwaka, na ikipita hufunika sehemu moja tu kati ya 12,000 za mwanga.